Birmingham na Bei ya Mchezaji: Kutoka Barua ya McGregor hadi Kanuni za Faida na Hasara

Machi 2, 1888, Mskochi mmoja mwenye duka la vitambaa huko Aston, pembeni mwa Birmingham, aliandika barua kwa klabu chache za soka. Jina lake William McGregor, mkurugenzi wa Aston Villa, na kero yake ilikuwa mechi zilizokuwa zikiahirishwa ovyo. Watu walifika uwanjani Jumamosi wakaambiwa wageni wamebanwa na mechi ya Kombe la FA, au hawaji kabisa. Tangu 1885 wachezaji walikuwa wameruhusiwa kulipwa mshahara, na mshahara hausubiri ahirisho. McGregor akapendekeza klabu kumi au kumi na mbili zipange ratiba ya kudumu, nyumbani na ugenini. Aprili 17 mwaka huohuo, katika hoteli mjini Manchester, Ligi ya kwanza ya soka duniani ikaundwa ikiwa na klabu 12. Villa walikuwamo, na jirani zao West Bromwich Albion na Wolves pia.

Habari hiyo husimuliwa sana, na nje ya Villa Park sanamu ya mzee huyo imesimama. Linalosimuliwa kidogo ni suala la kiingilio. Klabu zile hazikukubali kugawana mapato sawa kwa sawa, lakini hazikumwachia mwenye uwanja kila kitu: mgeni alihakikishiwa chake, na kwa miongo mingi ya karne ya 20 timu ya ugenini ilipewa sehemu ya tano ya mapato ya mlangoni. Fikra yenyewe ni nyepesi na ni ya mfanyabiashara anayejua soko lake. Mpinzani wako akifa njaa, wewe utacheza na nani? Naishikilia fikra hiyo kama kipimo katika makala hii, kwa sababu kila kanuni ya fedha iliyofuata katika soka la Uingereza ilijitangaza kuwa ni ya haki, na mji wa Birmingham umeonja karibu zote.

Kanuni ya kwanza haikumbana tajiri. Ilimbana mchezaji. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1890 ulijengwa utaratibu uliompa mwajiri mamlaka ya ajabu: klabu ikishakusajili, usajili wako ni mali yake hata mkataba ukiisha. Ikikutaka inakubakiza. Isipokutaka inakuwekea bei, na mpaka bei hiyo ilipwe huchezi popote katika Ligi, wala hulipwi. Sababu iliyotolewa ilikuwa usawa, kwamba bila kamba hiyo wachezaji wote wazuri wangekimbilia klabu mbili au tatu zenye pesa. Tangu 1901 ikaongezwa kamba ya pili: hakuna mchezaji wa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki.

Je, kamba hizo zilileta usawa? Mwaka 1893 Villa walimchukua Willie Groves kutoka West Bromwich Albion, jirani wa kutembelewa kwa miguu, kwa pauni 100. Ndiyo bei inayotajwa kuwa ya kwanza kufikia tarakimu tatu. Msimu ule Villa walitwaa ubingwa wao wa kwanza, na hadi 1910 walikuwa wameutwaa mara sita. Mwaka 1905 Alf Common akahama Sunderland kwenda Middlesbrough kwa pauni 1,000, wakubwa wakashtuka, na Januari 1908 wakaweka kikomo cha pauni 350 kwa kila uhamisho. Kikomo hicho kilidumu miezi michache tu. Klabu zilipata njia za kukizunguka, kikafutwa. Kamba ya mchezaji ikabaki palepale.

Aliyethubutu kuipeleka mahakamani alikuwa mchezaji wa Villa. Herbert Kingaby, winga kutoka London, alinunuliwa mwaka 1906 kutoka Clapton Orient kwa pauni 300. Alicheza mechi chache tu, Villa wakaona hawamhitaji. Orient hawakuwa na uwezo wa kumrudisha. Kingaby akapata riziki katika Ligi ya Kusini, ambayo wakati huo haikufungwa na sheria za Ligi ya McGregor. Kisha mwaka 1910 ligi hizo mbili zikakubaliana kuheshimiana usajili, na ghafla Villa, klabu ambayo hakuwa ameichezea kwa miaka kadhaa, ikawa bado inammiliki. Ikamwekea bei ya pauni 350, zaidi ya ile waliyomnunulia. Hakuna klabu iliyotaka kutoa fedha hizo. Mtu mzima mwenye ufundi wake akakaa bila kazi kwa sababu ya karatasi iliyokuwa kabatini Birmingham.

Chama cha wachezaji kilimlipia wakili. Mwaka 1912 kesi ikasikilizwa na Kingaby akashindwa: jaji aliona kuwa Villa hawakuvunja mkataba wowote, wametumia tu haki waliyopewa na kanuni. Gharama za kesi nusura zikiue chama chenyewe. Ikabidi kusubiri nusu karne. Januari 1961, kwa shinikizo la chama hicho chini ya Jimmy Hill, kikomo cha mshahara, kilichokuwa kimefika pauni 20 kwa wiki, kikaondolewa. Mwaka 1963 George Eastham akaishinda Newcastle mahakamani, na Jaji Wilberforce akatamka kuwa kumzuia mchezaji kwa namna ile ni kumnyima kazi isivyo halali. Kwa macho yangu Kingaby anastahili sanamu yake pia, hata kama ingewekwa mbali na Villa Park.

Baada ya hapo bei zikapaa, na Birmingham ikawa gulio. Trevor Francis aliingia kikosi cha kwanza cha Birmingham City mwaka 1970 akiwa na miaka 16. Februari 1971 akawafunga Bolton mabao manne katika mechi moja. Alikaa St Andrew's, uwanja wa klabu hiyo, miaka minane akiibeba timu ambayo haikushinda kitu. Februari 1979 Brian Clough, kocha wa Nottingham Forest, akamnunua kwa pauni milioni moja, uhamisho wa kwanza wa Uingereza kufika hapo. Clough alifika kumtambulisha kwa waandishi akiwa katika nguo za mazoezi, raketi ya skwoshi mkononi, akiwa njiani kwenda kucheza. Alipenda kusema bei ilikuwa pauni 999,999 ili kichwa cha kijana kisivimbe. Kodi na makato yalipojumlishwa, Forest walilipa zaidi ya milioni moja na laki moja. Mei 30 Francis akafunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Ulaya mjini Munich dhidi ya Malmö. Mwezi huohuo Birmingham City walikuwa wameshashuka daraja.

Sitasema kuwa kuuzwa kwake ndiko kulikowashusha, maana walikuwa taabani hata kabla. Fedha zile zilisaidia kujenga kikosi kilichopanda tena mwaka 1980. Lakini umbo la mambo likawekwa siku ile: mtoto wa klabu ndiye akiba, na shida ikizidi akiba inavunjwa. Septemba 1979 rekodi ikavunjwa tena papo hapo mtaani, Andy Gray akitoka Villa kwenda Wolves kwa karibu pauni milioni moja na nusu.

Villa nao walikuwa na neema yao, na inafaa kuitaja kwa sababu imekuwa ngumu kuirudia. Walitwaa ubingwa wa 1981 wakiwa wametumia wachezaji 14 tu msimu mzima. Mei 26, 1982, mjini Rotterdam, Peter Withe akawafunga Bayern Munich bao moja na Kombe la Ulaya likaja Birmingham. Mwaka uliofuata, 1983, klabu za Ligi ziliamua kwamba tangu sasa mwenye uwanja abaki na kiingilio chote. Hakuna maandamano yaliyofanyika. Sehemu ya tano ya mgeni, uti wa mgongo wa ule undugu wa kibiashara wa tangu enzi za McGregor, ikafutwa kimyakimya. Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la juu zikajitenga na kuanzisha Ligi Kuu ili fedha za televisheni zisigawanywe tena na madaraja ya chini. Villa walikuwa waanzilishi. Birmingham City walikuwa daraja la tatu wakati huo, wanatazama kwa mbali.

Miaka iliyofuata iliwafundisha wote wawili ubaya wa pesa za kukopa na za wamiliki wasiojulikana vizuri. Birmingham City walinunuliwa mwaka 2009 na Carson Yeung wa Hong Kong. Februari 2011 waliifunga Arsenal 2-1 Wembley wakachukua Kombe la Ligi, Mei wakashuka, Juni mmiliki akakamatwa, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka sita kwa utakatishaji wa fedha. Villa walishuka 2016. Kiangazi cha 2018, chini ya mmiliki Tony Xia, walishindwa kulipa kodi kwa wakati na wakawa ukingoni mwa kufilisika, hadi Nassef Sawiris wa Misri na Mmarekani Wes Edens walipowaokoa. Mwaka 2019 Bury, klabu ya zaidi ya miaka 130, ilifukuzwa kwenye Ligi kwa madeni. Kwa hiyo anayesema kanuni za matumizi hazina kazi hajaona klabu ikifa.

Ndani ya miaka hiyo ndipo kanuni za faida na hasara zilipowekwa, na msingi wake ulikuwa hasara. Katika Ligi Kuu, hadi msimu wa 2025-26, klabu iliruhusiwa kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Katika Championship, daraja la pili, ilikuwa milioni 39. Birmingham City walitumia bila breki mwaka 2017, na hesabu za miaka mitatu zilipofungwa hasara ilikuwa pauni milioni 48.8. Machi 2019 wakakatwa pointi tisa. Kwa upande wa pili wa mji, wamiliki wa Villa waliuza uwanja wa Villa Park kwa kampuni yao wenyewe kwa pauni milioni 56.7, fedha zikaingia vitabuni kama mapato, na mwezi huohuo, Mei 2019, wakapanda Ligi Kuu. Birmingham City nao waliuza St Andrew's kwa njia hiyohiyo, kwa bei iliyo chini ya nusu ya hiyo. Baadaye mlango huo ulifungwa kwa klabu za Championship. Mashabiki wa mji mmoja, kosa linalofanana, hatima mbili.

Hapa inabidi kuingia kwenye vitabu vya hesabu kidogo, kwa sababu ndiko kwenye kiini. Klabu ikinunua mchezaji kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, haiandiki gharama ya milioni 50 mwaka ule. Inaandika milioni 10 kila mwaka. Ikimuuza baada ya miaka miwili kwa milioni 50 zilezile, vitabu vinasema amebakiza thamani ya milioni 30, hivyo faida ni 20. Sasa chukua kijana aliyelelewa katika akademi tangu utotoni. Vitabuni bei yake ya ununuzi ni sifuri. Ukimuuza kwa milioni 50, zote 50 ni faida, na zinaandikwa siku hiyohiyo. Klabu iliyobanwa na kikomo cha hasara itatazama nani? Itamtazama mtoto wa nyumbani. Kanuni iliyotungwa kulinda klabu inaisukuma kuuza kile hasa kinachoifanya iwe klabu ya mahali fulani.

Jude Bellingham alilelewa Birmingham City tangu akiwa mdogo wa chini ya miaka minane. Agosti 2019 aliivunja rekodi ya Trevor Francis ya kuwa kijana mdogo kuliko wote kuvaa jezi ya kikosi cha kwanza. Julai 2020 akauzwa Borussia Dortmund kwa takriban pauni milioni 25, na klabu ikaistaafisha jezi namba 22. Wengi walicheka, eti kumstaafishia jezi mtoto wa miaka 17! Mimi naona walikuwa wanasema ukweli kuhusu walichokipoteza. Jack Grealish aliingia Villa akiwa na miaka sita. Babu wa babu yake, Billy Garraty, alichukua Kombe la FA na Villa mwaka 1905, zama za mshahara usiozidi pauni nne na usajili usiokwisha. Agosti 2021 Grealish akauzwa Manchester City kwa pauni milioni 100, rekodi ya Uingereza wakati huo. Garraty hakuwa na ruhusa ya kuondoka alikotaka; Grealish alikuwa nayo na akaitumia, na hilo ni jema. Ila katika vitabu vya klabu wote wawili walikuwa mali.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kukumbuka Villa ya miaka hiyo. Januari 2020 straika wao Wesley alikuwa ameumia goti vibaya, timu inanusa shimo la kushuka, na fedha nyingi zilishatumika kiangazi. Wakaenda Genk ya Ubelgiji wakamchukua Mbwana Samatta wa Mbagala kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Februari 1 akafunga kwa kichwa katika mechi yake ya kwanza ya ligi hiyo, dhidi ya Bournemouth. Machi 1, fainali ya Kombe la Ligi Wembley, Villa wakiwa nyuma 2-0 mbele ya Manchester City, Anwar El Ghazi akapiga krosi na Samatta akajirusha akaipeleka wavuni. Walifungwa 2-1, lakini bao lile lilitazamwa Dar es Salaam kama la taifa. Villa walibaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja. Septemba Samatta akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Mechi 16 na mabao mawili ndiyo rekodi yake Birmingham.

Katika uhamisho ule kulikuwa na kanuni moja ninayoiheshimu kuliko zote nilizozitaja. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayevuka mpaka akiwa na mkataba igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Katika pauni milioni 8.5, hiyo ni pauni 425,000. TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyomchukua kutoka Simba mwaka 2011 na kutwaa naye ubingwa wa Afrika mwaka 2015, inahusika. Simba na African Lyon nazo, kwa miaka yao. Fungu ni dogo, na klabu isiyotunza kumbukumbu za usajili hulipoteza. Ndiyo maana mwaka 2022 FIFA ilianzisha ofisi maalumu ya kusimamia malipo haya. Hata hivyo ni kanuni inayokiri kwamba mchezaji hutengenezwa na wengi, na pesa irudi kwa wengi. Haiwazuii Villa kununua. Inawakumbusha Mbagala.

Linganisha na Juni 2024. Villa walikuwa wamemaliza nafasi ya nne chini ya kocha Unai Emery, wamerudi kwenye mashindano makubwa ya Ulaya baada ya zaidi ya miaka 40, na badala ya kujipanga walikuwa wanakimbizana na tarehe 30, siku ya kufunga hesabu. Douglas Luiz akaenda Juventus. Omari Kellyman, kijana aliyekuwa amecheza mechi chache tu, akaenda Chelsea kwa takriban pauni milioni 19, na Ian Maatsen akatoka Chelsea kuja Villa kwa milioni 37.5. Tim Iroegbunam akaenda Everton, Lewis Dobbin akatoka Everton kuja. Kila klabu iliandika faida kwa aliyemtoa na ikagawa gharama ya aliyemchukua kwa miaka. Vijana wawili watatu wakafungasha mizigo ili karatasi za klabu tatu zisomeke vizuri. Kingaby angeitambua hali hiyo.

Villa waliomba kikomo cha hasara kipandishwe kutoka milioni 105 hadi 135, ombi likakataliwa. Agosti 2025 Jacob Ramsey, mzaliwa wa mji, mwana wa akademi tangu akiwa na miaka sita, akauzwa Newcastle kwa karibu milioni 40. Julai mwaka huohuo UEFA ilikuwa imewatoza Villa faini ya euro milioni 11 kwa kuvuka mipaka yake. Nawaelewa mashabiki wa Villa wanaposema kanuni hizi zinamfungia mlango anayepanda na kumlinda aliyekwishapanda, kwa sababu klabu yenye mapato makubwa inaweza kutumia mara mbili yao na bado isipate hasara. Malalamiko hayo ni ya kweli.

Lakini kuna jambo la Aprili 2024 ambalo linaniuma. Mwezi huo klabu za Ligi Kuu zilipigia kura wazo la kikomo kimoja kwa wote: matumizi ya kikosi yasizidi idadi fulani ya mara ya fedha za televisheni na zawadi anazopata wa mwisho kwenye jedwali. Ndilo wazo lililokaribia zaidi fikra ya mwenye duka la Aston, tajiri afungwe kwa maskini wake. Kwa taarifa za vyombo vya habari, klabu tatu zilipinga kuendelea nalo: Manchester City, Manchester United na Aston Villa. Wazo liliendelea kufanyiwa kazi hadi Novemba 2025, likapigiwa kura na kuanguka. Siku hiyohiyo klabu zilipitisha kanuni nyingine ya kuanzia msimu wa 2026-27: kila klabu itumie kwa kikosi hadi asilimia 85 ya mapato yake. Asilimia ni ileile kwa wote. Mapato hayalingani hata kidogo.

Wamiliki wameisoma vizuri. Birmingham City, chini ya kampuni ya Knighthead ya Marekani tangu 2023, walishuka daraja la tatu mwaka 2024, wakamnunua Jay Stansfield kwa bei ambayo daraja hilo halikuwahi kuiona, wakapanda kwa rekodi ya pointi 111, na sasa wamechora uwanja wa watu 62,000 huko Bordesley Green. Villa wanapanua jukwaa la kaskazini. Ukiambiwa tumia kulingana na unachoingiza, utatafuta kuingiza zaidi, na pa kuanzia ni kwa yule aliyesimama kwenye foleni. Villa Park ilipoipokea tena Ulaya kubwa, tiketi ya mtu mzima ilipangiwa kati ya pauni 70 na 97, na klabu ikataja kanuni za fedha miongoni mwa sababu. Oktoba 2, 2024 Bayern Munich walikuja, Jhon Durán akawafunga bao moja kama lile la Rotterdam, na miezi minne baadaye naye alikuwa ameuzwa Saudi Arabia.